Kwa Mama Gaudiosa: Kisado Kimeshuka Tena Ziwani

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya baridi ulipotutoka ukiwa shambani, kikapu cha kuchumia kahawa kikiwa bado kimefungwa kiunoni. Waliokuwa mbali walipopata habari walituuliza wakiwa na jibu lao tayari: ni gari, sivyo? Si gari. Tuliwajibu hivyo msibani na tunawajibu tena hapa, lisije likabaki doa kwenye jina lako. Ni presha iliyokuangusha katikati ya mibuni, na gari lako lilikuwa uani, limeoshwa, pua yake imeelekea barabarani kama ulivyopenda kuliacha.

Tangazo hili tumelichelewesha kwa makusudi. Lilipaswa kutoka siku yenyewe ya kumbukumbu, lakini hatukutaka kukuandikia kabla hatujajua kama Kisado kitawaka. Sasa tunajua, na tunakuandikia. Watu watasoma kwa kuchungulia, waache wachungulie. Walichungulia pia siku ulipokileta nyumbani.

Hebu tuwakumbushe. Msimu ule kahawa ilikubali, na kijiji chetu kizima cha Mapera kilijua familia yenye akili inanunua nini msimu kama ule: mabati, ng'ombe, au pikapu ya kubebea magunia. Wewe, Mwalimu Gaudiosa, ulipanda basi hadi Songea ukarudi unaendesha Starlet ndogo nyekundu iliyopauka, ya gia za mkono na madirisha ya kuzungusha, gari ambalo wenzako wenye uwezo walikuwa wameshalichoka siku nyingi. Ulipiga honi pale kanisani, ukakata kona kuja kwetu. Baba mkubwa Kilian, kaka yake Baba, alilizunguka mikono ikiwa mgongoni, akainama, akachungulia ndani.

"Shemeji," akasema, "umeacha pikapu ukanunua kisado? Hiki ukitia mahindi magunia mawili kimejaa."

Kisado, kwa wasomaji wa mbali, ni kile kindoo cha kupimia mahindi sokoni. Ulicheka mpaka ukaegemea boneti. "Basi umekibatiza, shemeji. Hilo ndilo jina lake."

Wengi walidhani umenunua dogo kwa sababu kubwa limekushinda. Wewe ulikuwa na maneno yako, ukayasema bila kuona haya hata mbele ya wakubwa wenye magari ya kupanda kwa ngazi. "Gari kubwa linakuendesha wewe. Dogo unaliendesha." Ulisema ndani ya Kisado barabara unaisikia kiunoni, unajua tairi lipi limekanyaga jiwe na lipi limekanyaga mchanga. Dereva wa parokia alikufundisha kuendesha ukiwa mwalimu kijana, kati ya uwanja wa kanisa na mto. Tangu hapo ulikuwa unaisubiri siku yako. Ulitusomesha kwanza sisi wanao watatu, ukaezeka nyumba, ukamsubiri kila mmoja wetu asimame, ndipo ukajikumbuka. Tunakushukuru kwa kusubiri, na tunamshukuru Mungu kwamba hukusubiri zaidi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ulipima oili, ukaongeza maji kwenye rejeta, ukaweka kiganja juu ya boneti. "Umeamkaje, Kisado?" Ulikijibia mwenyewe: "Salama, Mwalimu." Wanafunzi wako walijifunza sehemu na uwiano kwa meno ya gia, na mpaka leo kuna watu wazima wenye familia zao Mapera wanaoweza kueleza kwa nini gia ya kwanza ina nguvu na haina mbio.

Wema wako haukuhitaji buti kubwa. Kisado kilibeba wajawazito kwenda Mbinga mjini, kilibeba mifuko ya mbolea ya wajane, kilibeba kwaya kwa awamu. Mtoto wa jirani aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma kabla hamjafika hospitali anaitwa Hilda, yuko darasa la tatu, na akigombana na wenzake huwaambia kwamba wao walizaliwa kitandani kama watu wa kawaida.

Lakini hayo yote watu waliyaelewa. Kitu ambacho hawakukielewa ni Jumamosi.

Jumamosi ulikuwa unashuka ziwani. Ulitoka Mapera kwa vumbi hadi Mbinga, ukashika lami ya Mbamba Bay, ukateremka milima yote mpaka kwenye mchanga, ukageuza. Hukuwa na ndugu kule. Kwenu ni Litumbandyosi, watu wa jembe, hamna hata mmoja aliyewahi kushika kasia. Mara nyingine hukurudi hata na dagaa. Petroli inaungua, tairi zinalika, na mama mzima anarudi mikono mitupu akiimba. Maneno yakaanza, maana midomo haina kufuli. Kule ziwani ana nani?

Askari wa barabarani nao walikuzoea. Tulikuwepo siku ile wa kwanza alipokusimamisha.

"Shikamoo, Mama. Unaelekea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Naenda chini."

"Kufanya nini huko chini?"

"Kurudi."

Alikutazama, akatazama kiti cha nyuma tulipobanana kama mihogo ndani ya gunia, akacheka mpaka kofia ikapinda. Tangu siku hiyo akiiona Starlet nyekundu alikuwa anapiga saluti. Ukipanda alikuuliza kwa mbali, "Umesharudi, Mama?" nawe ulimjibu kwa honi.

Hapa ndipo maneno yanapotupungukia, Mama, maana sisi tuliokaa kiti cha nyuma tulikuwa tunamwona mtu mwingine. Mama wa jikoni, mama wa chaki, mama wa kuuliza nani hajanawa, alibaki juu. Barabara ilipoanza kuteremka kuelekea Nyasa mabega yako yalitulia, kidevu kikainuka kidogo, ukanyamaza. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye gia bila kuitafuta. Injini ilipandisha sauti, gari likajikaza, likaingia kwenye kona likiwa limeshatulia, na macho yako yalikuwa yameshahamia kona inayofuata. Hukukimbia. Wanaodhani ufundi ni spidi hawakupata bahati ya kukuona. Perpetua, kitinda mimba wako, alilala usingizi wa pono kwenye kona ambazo abiria wa mabasi huzitapikia.

"Mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia," ulituambia. "Breki ni ya kuombea msamaha." Tulipita malori yamesimama pembeni, breki zinafuka moshi, madereva wamekaa juu ya mawe wakisubiri zipoe. Kisado kilipita katikati ya moshi ule kikiunguruma taratibu. Mimi Aurelia, ninayeandika kwa niaba ya wote, nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yangu Songea, na bado nilikutazama kama mtoto anavyomtazama padre akiinua hostia. Nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Na pembeni yako, kiti cha kushoto, alikuwa Baba.

Mzee Augustino wetu analima ngoro, yale mashimo ya kilimo chetu Wamatengo, kwenye miteremko ambayo mbuzi huifikiria mara mbili. Haogopi nyoka, haogopi radi, hamwogopi hata Baba mkubwa Kilian. Ila bonde likionekana kwenye dirisha la gari, amekwisha. Tangu safari ya kwanza, lami ilipoanza kuinama tu, alitoa rozari mfukoni akafumba macho. Hakukosa safari hata moja, na hakuna kona hata moja aliyoiona. Ulimtania bila huruma: "Mwombee na anayeendesha, usijiombee peke yako."

Kuna mahali miti imeachana na ziwa linatokea lote kwa mpigo. Hapo ulikuwa unatoa gari pembeni, unavuta handibreki, unamwambia maneno yale yale kila safari.

"Baba Aurelia, fumbua macho, unapitwa."

Naye alikujibu yale yale. "Nitafumbua tukifika tambarare."

Ulitulia pale kidogo ukitazama. Kisha ulitoa handibreki, mkaendelea, na yeye na Salamu Maria zake.

Ulipozikwa, Mama, Baba hakulia mbele za watu. Alichukua lile turubai la kuanikia kahawa akakifunika Kisado mpaka chini. Alichana kitambaa cheusi vipande viwili, kimoja akafunga kwenye kioo cha pembeni cha gari, kingine kwenye kifundo cha mkono wake. Sote tunajua mjane wa kwetu akivaa nyeusi hatangatangi, anatulia mpaka mwaka uishe, wazee waje wamvue. "Tumefiwa wawili, mimi na hiki," Baba alisema. "Tutatulia pamoja. Mwaka ukiisha, tutaamka pamoja."

Nani angembishia? Baba mkubwa alitikisa kichwa tu. Sisi tuliona ni heshima kubwa, na kusema kweli ilitufariji. Ukitaka kujua tulikosea wapi, Mama, tulikosea Kimatengo kabisa. Ngoro zikichoka unaziacha, majani yanaota, unakuja kuyafukia, na shamba lile lile lililokuwa limekata tamaa linakupa mahindi ya kuwaita majirani waje waone. Tumelelewa tukijua kwamba kitu kikipumzishwa kinapata nguvu. Basi tukalipumzisha gari. Hata funguo hatukuzigusa.

Mwezi wa sita sengu ilikaa. Unaijua sengu yetu, wazee wa ukoo wanakula chungu kimoja na kusemezana mpaka neno liishe. Baba mkubwa Kilian akaleta habari ya kumbukumbu yako, misa, chakula, nani atachinja nini. Mwisho akanawa mikono akasema lililokuwa moyoni.

"Mdogo wangu, mwaka unaisha. Hilo gari lina kuku ndani, nimewasikia. Kuna watu wa vyuma chakavu wanapita Mbinga. Tuwaite walichukue kabla halijawa kichaka."

Baba hakuinua uso. "Litaamka siku ya misa."

"Na lisipoamka?"

Mwanao Placidi anasema alimwona Baba akikishika kile kitambaa cha mkononi, akikizungusha.

"Lisipoamka," Baba akasema, "walichukue."

Neno likishatoka kwenye sengu halirudi, nawe unajua. Placidi alikwenda Mbinga siku ya pili kumleta fundi Mansuetus, yule uliyekuwa ukikaa naye gereji kusikiliza injini za watu kama wengine wanavyokaa kusikiliza redio. Alikuja na begi lake, akavuta turubai. Kuku alitoka kwenye kiti cha nyuma akilalamika. Tairi zilikuwa zimelala. Fundi alifungua boneti akasimama pale muda mrefu kuliko tulivyopenda. Panya walikuwa wamejenga juu ya injini kwa nyuzi za turubai na maganda ya kahawa, wametafuna nyaya, wamezaa na kulea. Breki zilikuwa zimeshikana. Petroli ilinuka kama rangi ya zamani.

"Nani amelifanyia Mwalimu hivi?" fundi akauliza.

"Mimi," Baba akajibu. "Nililiheshimu."

Mansuetus alishusha sauti. Alikupenda, Mama, na alimwonea Baba huruma. "Mzee wangu, gari si shamba. Shamba likilala linapona. Gari likilala linakufa."

Tumemwona Baba kwenye kaburi la wazazi wake na kwenye kaburi lako. Hatujawahi kumwona kama alivyokuwa siku ile. Alikaa chini, kwenye vumbi, mgongo ukiegemea tairi lililolala, akasema kwa sauti ndogo, "Nimemzika mara mbili." Perpetua alikwenda akakaa naye. Kitu pekee ulichokipenda kwa ajili yako mwenyewe, si kwa ajili yetu wala ya shule wala ya kanisa, tulikuwa tumekiua kwa mapenzi yetu wenyewe.

Fundi hakuahidi kitu. Alikuja, akaondoka, akarudi tena, mara na nyaya, mara na plagi, mara na betri ya kuazima. Alizikwangua breki mpaka zikaachia, akajaza tairi upepo. Alimwaga petroli yote akasafisha tangi. Mkesha wa misa aliwasha, na Kisado hakikutoa hata kikohozi. Starta imekufa, akasema, na Mbinga nzima hakuna ya kufanana nayo. "Imebaki kukisukuma. Kikikataa kwa kusukumwa, Mzee, nami nitakuwa nimefika mwisho wangu."

Misa ya kumbukumbu yako ilikuwa nzuri, Mama. Kanisa lilijaa, kwaya iliimba wimbo uliokuwa ukiupotosha kila mara kwa kuuanzia juu, nao wakauanzia juu kwa heshima yako. Padre alisema ulikuwa mwalimu. Watu walisubiri aseme neno jingine, na padre, ambaye ni mtu mwema, akasema, "Na dereva." Kanisa zima likacheka na kulia kwa pamoja.

Kutoka pale watu hawakwenda kwenye chakula. Walikuja uani kwetu wote, wakasimama. Baba mkubwa Kilian, kama mkubwa wa sengu, alifungua kitambaa cheusi kwenye mkono wa Baba. Kisha akakisogelea Kisado akafungua na kile cha kwenye kioo. Akavikunja pamoja akaviweka mfukoni. Tulidhani sasa atatamka habari ya vyuma chakavu. Badala yake alivua koti la misa akampa mkewe.

"Nimekibatiza mimi," akasema. "Siwezi kukiuza kabla sijakisukuma. Aurelia, mwanangu, ingia."

Mama, mimi nina leseni na ninaendesha gari la ofisini Songea, lakini lile linajibadilishia gia lenyewe. Klachi nilifundishwa na wewe, na sikuwa nimeikanyaga tangu uondoke. Niliingia, nikataka kuvuta kiti mbele, nikaona kilikuwa bado kwenye kipimo cha miguu yako, na hakikuhitaji kusogea. Fundi aliinama dirishani. "Weka ya pili. Kanyaga klachi. Nikipiga kelele, achia."

Sengu nzima ilisukuma. Wazee wa makoti, wazee wa magoti mabovu, Placidi, fundi, mpaka katekista. Kisado kilitoka uani kwa shida, kikafika barabarani, kikaanza mteremko wa kanisani. "Achia!" Niliachia. Gari lilishtuka, likazima. Tukarudia. Likashtuka tena, likatoa moshi mweusi, likazima. Mteremko ulikuwa unaisha, mbele ni daraja na baada ya daraja ni kupanda. Kwenye kioo nilimwona Baba mkubwa amekunja uso, mikono miwili kwenye buti, akisema kitu. Baadaye waliniambia alikuwa anasema, "Shemeji, saidia."

Niliachia mara ya tatu.

Hatuna namna ya kuisimulia sauti ile. Ilianza kama mtu anayesafisha koo, ikakatika, ikarudi, ikashika. Kisado kilitetemeka chote, manyoya ya kuku yakaruka ndani kama sufi ya mto uliopasuka, na usukani ukawa hai mikononi mwangu. Nyuma yangu mteremko mzima ulipiga vigelegele. Nilifika darajani nikilia na kucheka, mguu ukiogopa kuondoka kwenye mafuta. Mansuetus alikuja mbio. "Usikizime!" alipiga kelele. "Chochote kitakachotokea, usikizime!"

Baba alishuka mteremko kwa mwendo wake ule ule. Watu wakampisha. Alifungua mlango wa kushoto, akapangusa manyoya kwenye kiti, akakaa, akatoa rozari.

"Twende."

"Wapi, Baba?"

"Chini."

Placidi, ambaye alikuwa ameshaingia nyuma na Perpetua, akauliza, "Kufanya nini, Baba?"

"Kurudi," Baba akasema.

Basi tukaenda, Mama. Tukapita Mbinga, tukashika lami. Niseme wazi kwamba sikuendesha kama wewe. Barabara ilipoanza kuteremka, mguu wangu wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania breki. Nikasikia harufu. Ni ile ya malori yaliyosimama pembeni. Baba alikuwa ameshafumba macho, shanga zinapita vidoleni.

"Pili," akasema.

Nilidhani anaanza fungu la pili la rozari.

"Weka ya pili, mwanangu. Mama yako hapa huweka ya pili."

Niliweka. Injini ikapandisha sauti, gari likajikaza, mguu ukaachia breki wenyewe. Kona ikapita. "Kiachie kitembee," Baba akasema, macho yamefumbwa. Nikaachia. "Subiri. Subiri. Sasa mafuta kidogo." Nikatia mafuta kidogo, na Kisado kikaizunguka kona ile kama ulivyokuwa ukikizungusha wewe. Nilimtazama Placidi kwenye kioo. Alikuwa ameshika mdomo.

Kona baada ya kona, Mama, alikuwa anakutaja. Hapa huweka ya tatu. Hapa hupiga honi kwanza. Hapa hunyamaza. Hakukosea. Mume wako, ambaye hajawahi kushika usukani maishani, ambaye tulimcheka miaka yote kwa woga wake, alikuwa ameubeba mlima mzima ndani yake, kwa sauti, kama mtu anavyobeba sala aliyofundishwa utotoni. Sikuwa naendesha mimi. Ulikuwa unaendesha wewe, na Baba alikuwa anatafsiri.

"Baba, unajuaje na umefumba macho?"

"Macho niliyafumba," akasema. "Masikio yalikuwa yake."

Kisha akasema, "Toa pembeni."

Nilitoa. Nikavuta handibreki na kuacha injini ikiunguruma. Miti ilikuwa imeachana mbele yetu. Kuna maneno ambayo hapo mahali pake ni lazima yasemwe, na sote tulijua ni yapi, na kila mmoja alimwogopa mwenzake. Nikayasema mimi, kwa sauti iliyotoka vibaya.

"Baba Aurelia, fumbua macho, unapitwa."

Shanga zilisimama. Nilidhani atanijibu kuhusu tambarare. Alikaa hivyo, mdomo unacheza bila sauti. Halafu Baba akafumbua macho.

Siku ile ukungu ulikuwa umeondoka wote. Ziwa lilikuwa limelala chini yetu kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia, la buluu mpaka likakataa kuitwa maji, na ng'ambo kabisa milima ya Malawi ilionekana kama mtu ameichora kwa chaki akaifuta kidogo. Mitumbwi ilikuwa midogo kama punje za mchele. Mwanga ulikuwa unatembea juu ya maji peke yake. Sisi tuliokuwa tumelizoea, tuliliona siku hiyo kupitia uso wa Baba, na tulikuwa hatujawahi kuliona.

"Lote hili?" Baba akauliza.

"Lote, Baba."

"Na alikuwa ananionyesha kila safari."

"Kila safari."

Alilia basi, Mama. Mwaka mzima wa kutulia ulitoka pale, mbele ya ziwa, mkono wake ukipapasa dashibodi ya Kisado. Tukamwacha alie. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akageuka upande wa usukani, akatazama si mimi, bali kile kiti.

"Mama Aurelia," akasema, "nimefumbua."

Kutoka hapo hakufumba tena. Alishika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akapiga kelele kila kona mpaka tambarare. Kona moja alinitajia gia ya tatu mahali pa ya pili, akakosea kabisa, maana sasa alikuwa anatazama. Tulicheka mpaka Perpetua akaomba tusimame. Tulifika kwenye mchanga, tukageuza, tukapanda. Askari wako alikuwepo. Alipoiona Starlet nyekundu alisahau hata kupiga saluti, akavua kofia.

Baba mkubwa Kilian alipiga simu tukiwa njiani. "Kimefika?" Kimefika, Baba mkubwa. "Kinarudi?" Kinarudi. Akakohoa. "Basi wa vyuma chakavu nimeshawaambia wasije. Na Jumamosi mnipitie, nikaone huyo shemeji alikuwa na nani huko."

Jumamosi tutampitia, Mama. Tumeshamwambia ni nani: ni ziwa lenyewe.

Kisado hakitalala tena. Fundi amepata starta. Kila asubuhi Baba anaweka kiganja kwenye boneti na kukiuliza kimeamkaje, na amekataa tusimjibie. Tunakushukuru, dereva wetu. Mungu akupe barabara yenye kona nyingi na asikuharakishe.

Unakumbukwa na mumeo mpenzi, Mzee Augustino, wanao Aurelia, Placidi na Perpetua, wakwe zako, wajukuu zako Loveth na Ottilia, shemeji yako Kilian na sengu nzima ya Mapera, ndugu zako wa Litumbandyosi, walimu wenzako na wanafunzi wako, fundi Mansuetus, na Hilda, aliyezaliwa kiti cha nyuma.

Tutakukumbuka daima, Mama, macho yakiwa wazi.